Kijiti cha Waridi Kutoka Kimbiji

Niliondoka Kinondoni kwa sababu ya ua jeupe. Lilipaswa kuwa la rangi ya waridi, lenye petali nyingi zilizobanana, na harufu ya kumfuata mtu mpaka barabarani. Asubuhi ile ya Jumatatu nilipofungua mlango nilikuta kiua cheupe cha petali tano, kidogo kama kifungo cha shati. Nikakinusa, nikakinusa tena. Hakikunukia kitu. Nikakikata, nikakitia mfukoni, nikatazama huku na huku kama mwizi, ingawa mti ulikuwa wangu na mlango ni wa chumba changu.

Wanaonisoma wanifahamu kwanza. Mimi natengeneza saa. Kazi hii sikufundishwa na mtu. Nilifungua saa mbovu na kuzifunga mpaka vidole vikaelewa. Kwa asili ni mwoga. Saa ya mtu nikishaifunga huifungua tena kuona kama niliifunga vizuri, na wakati mwingine huiharibu katika kuhakikisha. Wakati huo nilikuwa nimemposa Mwanaidi, binti wa Mzee Kondo wa Magogoni, na watu wa ukoo wake wana desturi yao ambayo sijaiona kwa wengine.

Kijana akikubaliwa, bibi wa binti huja na kijiti cha waridi, hukipanda kwa mkono wake mlangoni pa kijana huyo, kisha huondoka. Kazi ya kijana ni kukilea. Ua la kwanza likifunguka, bibi huja kulichuma na kumpelekea binti. La pili likifunguka, siku ya harusi hutajwa. Kijiti kikifa, posa hurudishwa, na hakuna mjadala. Hayo si maneno ya kutishia watoto. Shangazi yake Mwanaidi aliposwa na kijana wa Ilala, kijiti kikakauka, na mpaka leo shangazi huyo yupo kwa kaka yake, anasuka mikeka.

Bibi Mgeni, nyanya yake Mwanaidi, alinipandia kijiti changu baada ya mvua za masika. Kilikuwa chembamba, kimepinda katikati kama goti la mzee. Nilikitazama siku tatu na sikupata usingizi. Nilikuwa na kitabu cha bustani cha Kiingereza, nilichokinunua mnadani Mzungu mmoja alipohama, na nilikuwa nakisoma polepole kwa kamusi. Humo nilisoma habari ya kubebesha: unachukua jicho la mti dhaifu, unalipachika kwenye shina la waridi la pori lenye nguvu, na mti dhaifu unasimama kwa miguu ya mwingine. Rafiki yangu aliyekuwa akitunza bustani Oyster Bay alinipa shina la pori. Basi nikaking'oa kijiti cha Bibi Mgeni. Nikatoa jicho moja, nikalipachika kwenye shina lile la pori nililolipanda pale pale mlangoni, nikalifunga kwa uzi kwa uangalifu wote wa kazi yangu ya saa. Vijicho vingine nilivitupa.

Jicho likashika. Lakini pale pa kiungo palitokea nundu mbaya, na mimi sipendi kuona nundu. Nikaifunika kwa udongo na samadi, nikausawazisha kwa kiganja, mlango ukapendeza. Baadaye yakatoka matawi mawili: moja nene, lililonyooka, la kijani kibichi, jingine fupi na kilema. Nikakikata kile kilema ili kisinyonye chakula cha mwenzake. Sasa mnaelewa. Kilema ndicho kilichokuwa waridi la akina Mwanaidi. Lile nililolimwagilia na kulisifu lilikuwa la pori, lilitoka chini ya kiungo nilichokificha mwenyewe.

Na ubaya zaidi, nilikuwa nimekwisha mpelekea Bibi Mgeni habari kwamba tumba limetokeza. Akajibu kwamba atakuja Ijumaa, watu wakitoka msikitini.

Jumanne alfajiri, Temeke. Waridi mama lilikuwa Kimbiji, kwa Bi Tausi, mdogo wake Bibi Mgeni. Hilo nililijua kwa Mwanaidi. Shauri langu lilikuwa nipate kijiti kingine, nikipande usiku, nidai mbuzi amekula ua. Njia fupi ya Kimbiji ni kuvuka kwa pantoni pale Magogoni, lakini mkata tiketi wa pantoni alikuwa Mzee Kondo, baba mkwe wangu mtarajiwa. Nikaona afadhali nizunguke nchi kavu, kwa Temeke na Mbagala, kisha nikate porini kuelekea baharini.

Pale Temeke nilipata lori la kwenda njia ya Kilwa. Dereva alikuwa Mndengereko mnene mwenye sauti ya mnadi samaki. Akatazama mzigo wangu: gunia lililoloa na debe la maji.

"Wewe bwana mdogo, humo mna nini?"

"Hamna kitu."

"Gunia tupu, limeloa, na mtu anatetemeka. Umemuua nani?"

Abiria wakacheka. Nikasema nakwenda kuchukua mche. Dereva akasema wanaokwenda kuchukua miche hawakai hivyo, wanaokaa hivyo wanakimbia kodi. Tangu hapo mpaka Mbagala akaniita Bwana Kodi, na kila tulipopita askari alipiga honi, akageuka kuona kama nitaruka.

Mbagala wakati huo ilikuwa mikorosho, minazi na nyumba mbili tatu za makuti kando ya barabara. Lori likasimama kutia maji. Mwanamke mmoja muuza vitumbua akamwambia dereva kwamba simba amechukua mbuzi upande wa mto Mzinga, na kwamba watu hawatembei peke yao. Nikiogopa huwa na tabia moja: nataja koo za mawaridi moyoni, kama mwingine anavyovuta tasbihi.

Nikaanza. Mawaridi ya bustani yana pande mbili kubwa. Upande mmoja ni yale ya zamani ya Ulaya na nchi za Sham. Kuna lile jekundu, ambalo wauza dawa walikausha petali zake wakazitia katika mitungi. Kuna jeupe lenye majani ya rangi ya moshi. Kuna la Dameski, ambalo petali zake huchemshwa yakapatikana marashi tunayowanyunyizia wageni harusini. Kuna la petali mia, ambalo Waholanzi walililea mpaka ua likawa zito na shingo ikainama. Hayo karibu yote huchanua msimu mmoja wa mwaka, kisha hunyamaza. Upande wa pili ni ya Uchina. Hayo ni membamba, harufu yake ndogo, lakini huchanua, hupumzika, huchanua tena. Yalifika Ulaya ndani ya meli za wafanyabiashara, na moja kati yake lilinukia kama kasha la majani ya chai linapofunguliwa, likaitwa waridi la chai. Wazungu wakayaozesha ya pande hizo mbili. Watoto wa ndoa hizo ndio wale warefu, wa shina lililonyooka, wanaosimama mbele ya baraza za Oyster Bay. Wengine kati yao ni wazuri mno na hawanukii kabisa.

Na lile la pori lililonidanganya? Asili yake Japani. Maua yake huja kwa vishada, wakulima hulitumia kama miguu ya wengine. Halina kosa lolote. Lilifanya kazi yake.

Mchana, baada ya Kongowe. Lori liliniacha, likaenda zake kusini. Nikaingia njia ya miguu kuelekea mashariki. Vichaka vilikuwa virefu kuliko mimi, na kila jani lililoanguka nililisikia. Mahali pamoja nikaona unyayo kwenye matope. Ulikuwa mkubwa kama sahani. Sikujua kama ni wa simba au wa fisi, wala sikuinama kuupima. Nikageuka kutazama nilikotoka, nikamwona Bibi Mgeni kwa macho ya moyo, amesimama mlangoni pangu na kile kiua cheupe mkononi. Nikaenda mbele.

Jioni nilifika kwa mchoma mkaa na mkewe, watu wa Kizaramo, wamejenga kibanda katikati ya visiki. Nilipiga hodi. Mke akatoka na upawa mkononi.

"Karibu, baba. Mbona umepauka hivyo?"

"Nimeona unyayo, mama."

"Wa nyuma ya mto? Huyo ni fisi wetu," akasema mumewe kutoka ndani, "anachechemea. Ungemkuta angekuogopa wewe."

Wakanipa ugali wa muhogo na papa mkavu. Mke akaniuliza safari yangu. Nilitaka kumwambia uongo wa mbuzi nijaribu kama unasikika vizuri. Nikaanza: "Mbuzi alikula ua langu..." Akaniuliza mbuzi wa nani. Nikasema wa jirani. Akauliza jirani gani anafuga mbuzi mjini na amelipa nini. Nikakwama hapo hapo. Kama nilishindwa na mama mgeni asiyenijua, nitamweza vipi Bibi Mgeni? Nililala na swali hilo kifuani.

Jumatano adhuhuri, Kimbiji. Nyumba ya Bi Tausi ilikuwa nyuma ya minazi, uani kuna kisima. Niliinusa kabla sijaiona. Kando ya kisima, mahali anapomwaga maji ya kuoshea vyombo, ulisimama mti wa waridi ambao ningeuona Kinondoni ningeona haya kwa ajili yake. Umepinda, umejikunja, mbuzi wameutafuna upande mmoja, shina limeota magamba. Na juu yake maua yalikuwa wazi, ya rangi ya waridi iliyoiva, mviringo kama kikombe, petali zimejaa ndani. Matumba mengine yalikuwa yanangoja zamu. Nikajikuta nimenyoosha mkono kukata tawi lililokauka.

Kofi likatua juu ya mkono wangu.

"Nani aliyekwambia ulinyoe?"

Bi Tausi alikuwa mwembamba, amejifunga kanga kifuani, jino moja la mbele halipo, na macho yake yalikuwa yakicheka kabla ya mdomo. Nikasema shikamoo. Akasema marahaba, akaniuliza mie mtoto wa nani. Nilipojitaja akapiga makofi.

"Kumbe ndiye wewe! Bwana Saa! Dada kanitumia salamu kwamba tumba limetoka. Sasa umefuata nini huku, badala ya kulinda tumba?"

Uongo wa mbuzi ulikuwa tayari mdomoni. Nikamtazama yule mbuzi wake halisi anayetafuna waridi halisi, nikashindwa. Nikamwambia yote: kitabu, jicho, nundu, udongo, kilema. Nikatoa kiua kutoka mfukoni, kimekwisha sinyaa. Alikisogeza puani.

"Hakina hata harufu ya kwapa lako," akasema.

Nikamwomba kijiti. Akatikisa kichwa.

"Kijiti hakitoki kwa mwanamume. Hutoka mkononi mwa mwanamke kwenda mkononi mwa mwanamke, mpaka ardhini. Mama yangu alinipa hivyo, na mama yake alimpa hivyo. Wewe nikikupa, kitakuwa kuni."

"Basi mie nimekwisha, bibi."

"Hujesha. Nitakibeba mwenyewe. Tutakwenda wote, kesho, kwa gari la nazi mpaka Kigamboni. Tutavuka kwa pantoni."

Aliposema pantoni nikamkumbuka Mzee Kondo na tiketi zake.

Jioni ile, tukiwa uani, nilijaribu kujipoza kwa kumweleza nilichokiona. Kitabu kilitaja ukoo mmoja uliozaliwa katika bahari yetu, katika kisiwa cha Wafaransa upande wa mashariki wa Bukini, yaani Madagaska. Watu wa huko walipanda mawaridi kama ua wa kuzungushia mashamba, safu ya Dameski na safu ya Uchina pamoja. Siku moja katikati ya ua ule ukaonekana mche ambao hakuna aliyeupanda, wenye harufu ya upande mmoja na tabia ya kuchanua tena ya upande mwingine. Nikasema, kwa jinsi mti wake ulivyo, nadhani ni wa ukoo huo, ila sina hakika.

"Bibi yetu aliletewa na mumewe baharia, kutoka Ngazija," akasema. "Kabla ya hapo sijui. Kwa hiyo unasema baba yake na mama yake walikutana uani?"

"Kitabu kinasema hivyo."

"Bila posa?"

"Bila posa, bibi."

Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Mtoto wa nje! Na ndiye anayetuozea mabinti zetu! Usimwambie dada yangu, atakufukuza mara mbili."

Alhamisi, Kigamboni. Bi Tausi alikata kijiti kabla ya jua kuwa kali, akakichomeka ndani ya kipande cha mgomba kisikauke, akakipakata njia nzima juu ya gari la nazi. Kila gari liliporuka nilinyoosha mkono. Nilitaka kukagua kama kimelegea, akaninyima.

Pantoni ilipofika upande wetu, Mzee Kondo alikuwa mlangoni na kikoba chake cha tiketi. Alimwona Bi Tausi kwanza.

"Shikamoo mama mdogo! Mbona ghafla?" Kisha akaniona mimi nyuma yake. "Na huyu je? Alivuka lini huyu? Sikumkatia tiketi."

Watu walikuwa wakisukumana kupanda. Bi Tausi alinitazama tu. Angeweza kunisitiri kwa neno moja, hakulisema.

"Sikuvuka, baba," nikasema. "Nilizunguka Mbagala."

"Mbagala! Kwa miguu? Kwa nini?"

"Nilikuwa nakukimbia wewe."

Nikatoa kile kiua, nikakiweka kiganjani mwake, nikamwambia nilivyoking'oa kijiti cha mama yake. Sauti yangu ilikuwa ndogo, lakini foleni yote ilisogea kunisikiliza. Mzee Kondo alikigeuza kiua kwa kidole.

"Na huko Mbagala kuna simba."

"Nilimwogopa pia, baba. Lakini si sana kama wewe."

Mchukuzi mmoja alipasuka kwa kicheko, kikaenea foleni nzima. Mzee Kondo hakucheka. Alikunja kiganja juu ya kiua, akakitia ndani ya kikoba chake.

"Mie si mwenye neno," akasema. "Mwenye neno ni mama. Pandeni, mnazuia watu."

Ijumaa, Kinondoni. Bibi Mgeni alikuja na mwavuli wake mweusi. Alimkuta mdogo wake ameketi mlangoni pangu na kipande cha mgomba mapajani, akaelewa kwamba kuna jambo. Nilisimulia mara ya tatu. Nilidhani ningekuwa nimezoea kusimulia, haikuwa hivyo. Aliuzunguka mti wangu wa ua jeupe, mrefu, ulionyooka, majani yake saba saba kwenye kila kikonyo, wakati ya waridi lao ni matano.

"Ulikitoa changu kwa nini?"

"Kilikuwa kimepinda, bibi. Nilitaka kiwe kizuri zaidi."

"Kizuri zaidi kuliko nilichokuletea."

Bi Tausi akaingilia: "Dada, desturi inasema kikifa. Hiki hakikufa, kimechinjwa."

"Tausi, nyamaza." Bibi Mgeni alinyoosha mkono, akapokea kijiti, akakitazama. Kilikuwa kimepinda kuliko cha kwanza. Akapiga magoti, akafukua mwenyewe, akakipanda. Aliposimama alijifuta mikono kwa kanga, akaniambia bila kupandisha sauti: "Nimekipanda mara ya mwisho. Ukikigusa, posa yako itakufuata dukani."

Mti wa Japani niliuhamishia kwenye ua wa nyuma. Sikuwa na moyo wa kuuua.

Miezi iliyofuata ilikuwa mirefu. Nilikuwa nakwenda kazini, narudi katikati ya mchana kukiona. Sikuweka samadi, sikusawazisha udongo. Jani lilipokunjika nilikaa juu ya mikono yangu. Siku moja shangazi yake Mwanaidi, yule msuka mikeka, alipita na ujumbe wa mchumba wangu: "Mwambie ashughulike na saa zake, mti una bibi yake." Akasimama akakitazama kijiti kwa muda.

"Changu kilikuwa kimenyooka," akasema, akaenda zake.

Ua la kwanza lilifunguka mwanzoni mwa vuli. Lilikuwa moja tu, dogo, limeegemea upande, na lilinukia mpaka jirani akauliza nani ameoa. Bibi Mgeni akaja, akainama, akanusa kwa muda mrefu amefumba macho.

"Umeweka nini?"

"Sikuweka kitu, bibi."

"Ndiyo," akasema. Akalichuma. Nilisikia kile kikonyo kikikatika na nusura nipige kelele, maana lilikuwa ndilo pekee. Akalitia katika mkunjo wa kanga, akafungua mwavuli, akaenda Magogoni kwa mjukuu wake.

Nilichojifunza katika safari ile si kingi. Kiungo cha mti kiachwe wazi, hata kikiwa kibaya, ili anayepita akuonyeshe lililotoka chini yake. Na fisi wa Mzinga anachechemea. Kuogopa sikuacha. Kitabu kinasema lenye damu ya Uchina litachanua tena, Bi Tausi anasema hivyo hivyo, na mimi kila alfajiri siwaamini wote wawili.

Asubuhi ya leo nimefungua mlango kabla ya kuvaa shati. Tumba la pili limepasuka upande mmoja, na ndani yake ni rangi ya waridi. Sijaligusa. Nimempigia hodi jirani mwenye baiskeli, nimemwomba aende Magogoni upesi, na mimi nimekaa hapa kizingitini, nimekalia mikono yangu.